Samoni akishaingia mtoni hali kitu. Mbona anamng'ata inzi wa manyoya?

#1 Mshipi Mrefu
Wakuu, habari za jioni. Nyuzi nyingi humu zinasifia uvuvi wa inzi bandia kwenye bonde la mto Spey, Uskoti, lakini swali la msingi linarukwa.

Samoni wa Atlantiki akitoka baharini na kuingia mtoni anaacha kula. Tumbo linanywea, utumbo unasinyaa, anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo mpaka atage, kati ya Oktoba na Desemba. Msimu wa kuvua Spey unafunguliwa Februari 11 na kufungwa Septemba 30. Samaki aliyepanda Februari atakaa miezi minane au tisa hajatia kitu tumboni. Mpasue, mtupu.

Sasa huyohuyo mfungaji saumu anageuka kilindini na kung'ata kichuma kilichovishwa nywele za kindi. Kwa nini? Na kama hakuna anayejua, yule gili (ndivyo Waskoti wanavyomwita mwongoza wavuvi wa mtoni) anachagua inzi kwa kigezo gani? Dai langu: hachagui inzi. Anachagua kina na mwendo, inzi ni mapambo ya kumridhisha mteja. Karibuni mnipinge.

#2 Kilindi
Mazoea tu. Kinda wa samoni anakaa mtoni miaka miwili au mitatu kabla ya kushuka baharini, na muda wote huo kazi yake ni kudaka wadudu wanaopita juu ya kichwa chake. Akirudi mkubwa njaa imekwisha, ila jicho na mdomo havijasahau. Tazama ndoana inaponasa: karibu kila mara ni kwenye pembe ya mdomo, kooni ni nadra. Mwenye njaa angemeza.

#3 Ndoana Butu
Sikubali. Ni hasira. Dume wa Septemba kidevu kimepinda juu kama kulabu, ngozi imekuwa nyekundu ya kutu, ana eneo lake. Ukimpitishia mrija wa shaba wa sentimita 5 (inzi aliyefungwa juu ya kijibomba) mbele ya pua anaupiga mpaka fimbo inatetemeka. Hayo si mazoea ya utotoni.

#4 Mwanapwani
Hapo #3 umepotea njia. Ingekuwa hasira, dume mwekundu ndiye angekuwa rahisi kuliko wote. Aliye rahisi ni yule aliyeingia jana, anang'aa kama sarafu mpya, chawa wa baharini bado wamemganda (mtoni hao chawa hudondoka ndani ya siku chache, ndiyo maana gili huwatafuta kwanza akitaka kujua samaki kapanda lini). Huyo hana eneo la kulinda, ni mpita njia. Aliyekaa kilindi kimoja wiki tatu ndiye anayewatoa watu jasho.

Maelezo yangu: bado ana bahari kichwani. Kamba, dagaa, vijisamaki. Ndiyo maana inzi wa rangi ya machungwa, Ally's Shrimp na Cascade, hawakosekani kwenye boksi la gili yeyote wa Spey.

#5 Mshipi Mrefu
#4, na Stoat's Tail je? Mweusi mtupu, namba 10 au 12 (namba ikipanda ndoana inakuwa ndogo), na ndiye anayevua Julai maji yakipungua. Kamba gani mweusi wa sentimita mbili?

#6 Fundi Manyoya
Salamu kutoka Nairobi. Ngoja niingie upande wa ufundi, maana inzi wengi wanaouzwa Ulaya hufungwa huku Kenya, na mnunuzi kule huwa hajui.

Ally's Shrimp: mkia wa nywele za kulungu zilizotiwa rangi kali ya machungwa, mrefu kuliko ndoana yenyewe, na nyuzi mbili tatu za kumetameta ndani yake. Mwili nusu hariri nyekundu, nusu nyeusi, umezungushiwa utepe wa fedha. Juu na chini nywele za kindi wa kijivu, halafu unyoya wa jogoo wa machungwa mbele, kichwa chekundu. Kosa la wanaoanza ni kujaza nywele. Nywele 15 hadi 20 kwenye mkia zinatosha. Ukizidisha, inzi hazami, anaelea kama ufagio, na mkondo ukiwa mkali anazunguka na kusokota nailoni. Ukimtazama mkononi inzi mzuri wa samoni anaonekana kama hajaisha kufungwa. Akilowa ndipo anakamilika.

Kwa hiyo #1 una nusu ya haki. Rangi ni ubishi, ila wingi wa nywele ndio kina na mwendo wenyewe.

#7 Gili wa Mbali
Nimesoma hapo juu nikacheka. Tuwekeane sawa kazi ya mwongozaji asubuhi, kabla hajafungua boksi la inzi:

Kwanza kipimo cha maji. Kuna ubao wenye namba ukingoni. Anachotaka kujua ni kama maji yanapanda au yanashuka tangu jana. Pili kipimajoto, na kinaachwa majini dakika mbili nzima, kuchovya na kutoa hakusaidii. Tatu rangi: ukiingia mpaka magoti unaziona kucha za viatu? Nne upepo, unavuma kuelekea chanzo au kuelekea bahari.

Chini ya nyuzi 8 hivi samaki ni mzito, hasogei mbali. Hapo ni mshipi wenye ncha inayozama na mrija wa sentimita 4 au 5, upite taratibu na chini. Kati ya 10 na 14, mshipi unaoelea au unaozama polepole, ndoana pacha (yenye ncha mbili) namba 6 au 8. Ikivuka 15, mshipi unaoelea, namba 10 hadi 12, tena upite haraka. Ikikaribia 20 gili mwenye akili anawarudisha watu nyumbani, maana samoni aliyepigana kwenye maji ya joto hufa hata ukimwachia vizuri.

Halafu ndio mtupo. Nyuzi 45 kuelekea chini ya mto. Mkondo ukiwa mkali punguza pembe, tupa karibu na mstari wa ukingo. Mshipi ukitua, rudisha tumbo lake upande wa chanzo ili mkondo usiuvute inzi kwa kasi. Uache upinde wenyewe mpaka unyooke chini yako. Hesabu mpaka tano, vuta kidogo, piga hatua moja au mbili kushuka, tupa tena. Kilindi chote kinavuliwa kutoka kichwani mpaka mkiani, na hairuhusiwi kusimama mahali pamoja kama nguzo. Kila samaki aonyeshwe inzi mara moja, mbili, basi. Anayesimama anawaharibia waliopanga foleni nyuma yake.

#8 Kilindi
Sasa #7 umeeleza lini na wapi. Kwa nini bado.

#9 Gili wa Mbali
Kwa nini waachie maprofesa, mimi nipe namba za kipimajoto.

#10 Bi Hadaa
Mimi ninavyosikia kipande cha mto kinakodishwa kwa wiki. Hiyo Jumapili mnavua bure au?

#11 Ndoana Butu
Jumapili unaweza kuvua mradi umrudishe samaki majini.

#12 Mwanapwani
#11 acha kumtia mwenzio kwenye kesi. Uskoti kuvua samoni Jumapili ni kosa kisheria, urudishe usirudishe. Wiki ya kukodi ni Jumatatu hadi Jumamosi. Na samoni yeyote anayekamatwa kabla ya Aprili 1 lazima aachiwe.

#13 Ndoana Butu
Nimekubali, nimechapia hapo.

#14 Nanga Chini
Wakuu mmetaja mtupo mkapita kama upepo. Huo ndio uliozaliwa Spey kwenyewe karne ya 19, kwa sababu kingo zina miti na miinuko, na mtupo wa kawaida unaopeleka mshipi nyuma ya mgongo unaishia kwenye matawi. Mtupo wa Spey hauendi nyuma. Mshipi unatengeneza tumbo kubwa ubavuni mwako, ncha yake imeshika maji kidogo kama nanga, kisha unarushwa mbele.

Fimbo ni ya mikono miwili, futi 13 hadi 15. Hatua za mtupo mmoja wa msingi:

Inzi amenyooka chini ya mto, ncha ya fimbo inagusa maji. Inua fimbo polepole mpaka mshipi uachane na maji karibu wote. Polepole, narudia. Halafu zungusha fimbo kuelekea chanzo, mstari ukiwa bapa unaopanda kidogo mwishoni. Inzi atue kama urefu wa fimbo moja kutoka ulipo, pembeni, si nyuma yako. Papo hapo fimbo inapanda nyuma na tumbo linajaa. Sasa sukuma mbele na usimame juu, mkono wa chini ukivuta kitako cha fimbo kuja tumboni. Nguvu iko mkono wa chini. Wa juu ni usukani tu.

Kinachoharibika: (a) ncha ya fimbo inashuka katikati ya mzunguko, mshipi mrefu unalala majini, nanga inakuwa ndefu, na ukisukuma mbele unasikia *fyaa!* ya mshipi unaobanduka kwa shida, hauendi popote. (b) Umekimbiza mzunguko, nanga haikushika, inzi anapasua hewa na kudonoa sikio. (c) Mkono wa juu unasukuma kama unapiga shoka, mshipi unajikunja na kuanguka rundo.

Upepo ndio unaoamua upande. Tumbo la mshipi likae upande upepo unakoelekea, daima. Upepo ukipanda kuelekea chanzo, mtupo niliouandika hapo juu unafaa. Ukishuka kuelekea bahari, badili: nanga ikae upande wa chini ya mto, ule mtupo wenye mizunguko miwili. Anayepuuza hili huvaa ndoana shingoni, ndiyo maana gili wengi hawakuruhusu majini bila miwani na kofia.

#15 Bi Hadaa
Kumbe ni ngoma hii. Mpaka na mizunguko.

#16 Nanga Chini
Ngoma ya kwenye mawe yanayoteleza, dada. Spey ni mto wa kasi. Mkongojo upande wa juu wa mto, mkanda wa suruali ya mpira uwe umekazwa kiunoni, buruta miguu bila kuipishanisha, na ukitaka kugeuka geukia mkondo unakotoka.

#17 Mzee wa Sagana
Nirudi kwenye swali. Kuna nadharia ya harufu hamjaigusa. Rekodi ya Uingereza ya samoni wa fimbo ni ya mwanamke, Georgina Ballantine, mto Tay, Oktoba 7, 1922, ratili 64, karibu kilo 29. Kwa inzi. Kuna wanaosema harufu ya mwanamke inawavuta samaki wakubwa.

#18 Fundi Manyoya
Sahihisho, mzee: Ballantine hakutumia inzi. Ilikuwa chambo cha samaki mdogo kinachozunguka, kikikokotwa na mashua, na baba yake James ndiye alikuwa kwenye makasia. Rekodi ya inzi ni ya miaka miwili baadaye, 1924, mto Deveron, ratili 61. Nayo ni ya mwanamke, Bi Morison. Kwa hiyo nadharia yako imepona kwa bahati.

#19 Mzee wa Sagana
Ahsante fundi. Napokea sahihisho, nadharia naibeba.

#20 Mwanapwani
Rekodi mbili si ushahidi. Kinachojulikana kuhusu harufu ni kingine: majaribio ya Kanada miaka ya 1950 yalionyesha samoni wanaopanda wakisita mtu akinawa mikono mtoni upande wa juu yao. Ni kemikali ya ngozi, serini, iko kwa dubu, sili na binadamu, wake kwa waume. Ikitumika hapa maana yake ni moja tu: osha mikono kabla ya kushika inzi, na usiingie majini upande wa juu wa samaki.

#21 Pwaguzi
Samoni wa Atlantiki mkubwa kuliko wote waliovuliwa kwa fimbo alitoka Tana, kilo 36. Wakenya mmelala kwenye utajiri!

#22 Bi Hadaa
😂😂 Tana ya Garissa?

#23 Gili wa Mbali
Pwaguzi, hiyo ni Tana ya kaskazini, mpaka wa Norwe na Finlandi. Henrik Henriksen, 1928, kilo 36 hivi. Na usikate tiketi: uvuvi wa samoni pale ulifungwa 2021 kwa sababu samaki wameisha.

#24 Mzee wa Sagana
Lakini Pwaguzi hakupotea sana. Vijito vya juu vya Tana yetu, Gura, Mathioya, Thiba, vina trauti wa kahawia walioletwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Huyo na samoni wa Atlantiki ni jenasi moja, *Salmo*. Binamu kabisa.

Na hapa ndipo swali la #1 linanoga. Trauti wa Gura anakula. Unainua jiwe, unaona mdudu gani yupo, unamfungia anayefanana naye, kazi imekwisha. Samoni hakuna jiwe la kuinua. Ndiyo maana inzi wa trauti ana sura ya mdudu, na inzi wa samoni hafanani na kiumbe chochote alichoumba Mungu.

#25 Kilindi
Hoja nzito, ila binamu mmoja kula na mwingine kutokula hakuondoi mazoea. Wote wamelelewa darasa moja.

#26 Pwaguzi
Sawa nimechekwa vya kutosha. Ila samoni wa Alaska si anang'ata inzi hivyohivyo?

#27 Nanga Chini
Wa Pasifiki ni jenasi nyingine, *Oncorhynchus*, wapo wa aina kadhaa na hawafanani tabia. Koho anafukuza inzi kwa furaha. Sokai, yule mwekundu, chakula chake baharini ni vijidudu vinavyoelea, na mtoni ni nadra afungue mdomo kwa inzi. Sokai wengi wanaosemwa "wameng'ata" nailoni ilipita katikati ya mdomo ulio wazi, mkondo ukavuta, ndoana ikachoma kutoka nje. Tazama kovu liko upande gani wa shavu. Hao pia wote hufa wakishataga. Wa Atlantiki baadhi hurudi baharini wamekonda kama ufito, na wachache hupanda tena.

Nikiwatazama hao wawili, sokai anatia nguvu hoja ya #4. Aliyekula vijidudu baharini hajali inzi, aliyekula samaki na kamba anajali.

#28 Ndoana Butu
Au sokai hana hasira tu.

#29 Mama Ufito
Nawasoma tangu mwanzo. Mmesahau jibu jepesi: samaki hana mikono. Akitaka kujua kitu ni nini, mdomo ndio kidole chake. Mtoto wa miezi sita anatia ufunguo mdomoni, mtasema ana njaa ya chuma?

Na ukikubali hili, ubishi wa lini ukaze mshipi samaki akigusa unaeleweka. Samoni anachukua inzi, anageuka kurudi mahali pake, na kwenye kule kugeuka ndoana inateleza mpaka pembe ya mdomo. Ukikaza ulipohisi mguso, unamtoa inzi mdomoni kabla samaki hajageuka. Ndiyo maana mvuvi wa trauti, aliyezoea kukaza mara moja, ndiye anayepoteza samoni wengi.

#30 Gili wa Mbali
#29 umegusa kidonda, magili wenyewe hawaelewani. Wa kundi la kwanza wanashika kitanzi cha mshipi cha sentimita 30 hadi 50 kidoleni, samaki akivuta kinaachiwa, ndipo fimbo inainuliwa. Wa pili wanasema kitanzi ni upuuzi, acha samaki avute moja kwa moja kwenye rili (gurudumu la kukunjia mshipi), breki iwe nyepesi, usifanye lolote mpaka rili ilie. Kitanzi kinafaa maji ya polepole. Kwenye mkondo mkali, mkondo wenyewe unakaza. Kwenye maji baridi ya Machi samaki anageuka kivivu, hapo kitanzi kinaweza kuwa kirefu zaidi.

Wanakokubaliana wote: usiinue fimbo kwa mguso. Mguso si samaki. Uzito ndio samaki.

#31 Mshipi Mrefu
Sasa mama, kama ni udadisi, kwa nini unakuja kwa saa? Kilindi chenye samaki ishirini kinakaa kimya siku nzima, halafu saa kumi na moja jioni wanang'ata watatu ndani ya nusu saa, kisha kimya tena. Udadisi una ratiba?

#32 Kilindi
Maji. Mvua ikinyesha milimani, mto ukianza kupanda kuna dakika chache samaki wanachangamka, halafu wanafunga midomo kabisa maji yakiwa yanapanda na kuchafuka. Yakianza kushuka na kupata rangi ya chai ya rangi, hapo ndipo.

#33 Mwanapwani
Hiyo inatupa lini, haitupi kwa nini. Wengine wanasema ni oksijeni, wengine joto la maji limeshuka, wengine mwanga umepungua na samaki haogopi tena. Mimi nasema maji yakishuka samaki wanasafiri, na kila anayeingia kilindi kipya anakuwa mgeni tena. Mgeni hung'ata.

#34 Ndoana Butu
Na mwenyeji anayevamiwa na mgeni anakasirika. Narudi palepale.

#35 Bi Hadaa
Kitu kingine kinanishinda. Mtu alipe kipande cha mto, alipe gili, asimame kwenye barafu, apate samaki, halafu amrudishe? Huku kwetu tungeita mganga.

#36 Nanga Chini
Hesabu yake iko hivi. Jike hubeba mayai elfu moja na mia kadhaa kwa kila kilo ya uzito wake. Samoni wa Uingereza waliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka Desemba 2023. Tangu 2016 mito ya Uskoti hupangwa madaraja matatu kila mwaka, na daraja la tatu kurudisha ni lazima. Kwingine, kuanzia Aprili 1, ni hiari, ila gili akikuona unatafuta rungu hatakupenda.

Kuachia nako kuna namna. Nailoni nene, ratili 15 hadi 20, ili pambano liwe fupi. Ndoana iliyobanwa kijimwiba cha nyuma ya ncha. Wavu usio na mafundo, na samaki abaki ndani ya maji akiwa wavuni. Koleo ling'oe ndoana palepale. Picha: mkono mmoja shingo ya mkia, mwingine chini ya kifua, inua sekunde chache huku maji yanachuruzika, rudisha. Kisha mshike kichwa kikitazama chanzo kwenye maji yanayotembea taratibu mpaka ajivute mwenyewe mkononi. Usimsukume mbele na nyuma, hiyo ni imani ya zamani, maji yakirudi kinyume kwenye matamvua yanamuumiza. Uzito hukadiriwa kwa urefu, hakuna kumning'iniza kwenye mizani.

#37 Pwaguzi
Vifaa vya Norwe vinaingia Spey moja kwa moja?

#38 Gili wa Mbali
Vikauke kabisa na vitiwe dawa kwanza. Kuna kimelea, *Gyrodactylus salaris*, kilichoingia Norwe miaka ya 1970 na samaki wa kufugwa, kikamaliza makinda kwenye mito kadhaa mpaka ikabidi kuitia sumu mito mizima. Uskoti hakijafika. Kinasafiri kwenye soli iliyolowa na wavu uliolowa, kwa hiyo mpaka viatu.

#39 Mshipi Mrefu
Shukrani wote. Nimehesabu: mazoea, hasira, bahari kichwani, harufu, udadisi, ugeni. Sita, na wote mnavua kwa inzi yuleyule.

#40 Kilindi
Yuleyule? Mimi siendi popote na mrija wa #3.

#41 Fundi Manyoya
Kwa anayeagiza ya Julai: ndoana pacha namba 10, mwili mweusi, utepe wa fedha mizunguko minne, bawa jeusi la nywele nane tu, lisivuke mkunjo wa ndoana. Kichwa kidogo, gundi matone mawili, kila tone likauke kabla ya jingine.

#42 Bi Hadaa
Kwa nini jeusi?

#43 Fundi Manyoya
Ndiyo yanayoagizwa, dada.